Maua ya Jirani

Mwezi wa Julai nalitoka Masasi kwenda Newala kuwatazama Wakristo wa huko. Nikayaacha nyuma majabali makubwa ya Masasi, nikapita kati ya mikorosho, hata nikapanda uwanda wa juu wa Wamakonde. Mtu akisimama ukingoni huko huona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji.

Nikafikia kwa mzee mmoja, ambaye korosho zake ndizo ada ya shule ya mwanawe. Nalimkuta ameshika panga, naye amekasirika. Mpakani palikuwa na kichaka chenye maua, na juu ya mti mzinga wa jirani yake. Akasema, "Mwalimu, maua haya yaniibia nyuki. Leo nakifyeka kichaka, na mzinga nautia moto."

Nikamsihi tuutazame kwanza mkorosho. Shada moja lina maua mengi sana. Yaliyo mengi ni ya kiume tu, machache ndiyo yawezayo kuzaa. Unga wake, uitwao chavua, hunata, wala upepo hauuchukui vema. Wahitaji nyuki, nzi na wadudu wengine wa kuupeleka toka ua hata ua.

Hofu ya mzee haikuwa bure kabisa. Maua ya namna mbili yakichanua pamoja, yenye asali zaidi huweza kuwavuta nyuki. Tena chavua ya ua la namna nyingine haizalishi korosho. Lakini mara nyingi nyuki mmoja hushika namna moja ya ua katika safari yake moja. Na penye maua mengi huja wadudu wengi, hata mti usio na mvuto mwingi hupata wageni. Zaidi ya hayo, mkorosho huchanua miezi michache, bali nyuki wataka chakula mwaka mzima. Mbaazi na maua ya kichaka huwatunza wakati mikorosho haina kitu. Nikamwuliza, "Mzee wangu, ukifyeka yote, mwakani atakuja nani?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe mwanangu anasomeshwa na kichaka hiki!" Akaliweka panga chini. Jioni akaenda kwa jirani yake, akamwungamia aliyokusudia kumtenda.

Ndugu zangu, mara ngapi twadhani heri ya jirani ni hasara yetu? Kabla ya kushika panga, na tutazame vema.