Kutolewa kizazi: mama anapoteza nini, anabaki na nini

Katika mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi, habari ya mama aliyepasuliwa inafika nyumbani mbele ya mama mwenyewe. "Balimutosha kizazi," majirani wanasema, na sauti inashuka kama ya matanga. Shida inaanzia kwenye neno. Kizazi ni kiungo ambamo mtoto anakulia. Kizazi ni pia ukoo, watoto na wajukuu. Mama anasikia kwamba wamekata ukoo wake. Katika mji ambamo mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake, maneno hayo ni mazito.

Mara nyingi upasuaji huo unafanyika kwa haraka, kuokoa uhai. Mama amezaa na damu haikomi. Au uchungu umedumu sana, hospitali iko mbali, na kizazi kimepasuka, zaidi kwa mama aliyewahi kuzaa kwa kupasuliwa. Daktari anajaribu kwanza kukanda kizazi, kutoa dawa za kukikaza, kushona palipopasuka. Hayo yakishindwa, anabaki na dakika chache. Mwaka 1876, huko Pavia, Italia, daktari Eduardo Porro alimpasua mama aliyeshindwa kuzaa, akatoa mtoto kisha akatoa kizazi. Mama na mtoto wote walipona, wakati ambapo karibu kila mama aliyepasuliwa namna hiyo alikufa.

Kuna pia sababu zisizo za haraka: saratani, vivimbe vya fibromu vinavyomwaga damu nyingi, kizazi kinachoshuka. Hapo kuna nafasi ya kuuliza. Mara nyingi fibromu inaweza kuondolewa peke yake na kizazi kikabaki, au dawa zikapunguza damu. Kizazi kinachoshuka kinaweza kushikiliwa na pete maalum. Mama ambaye bado anataka mtoto aseme hivyo mapema, mbele ya kutia sahihi.

Jambo ambalo familia nyingi hazijui ni kwamba si kila mama anatolewa vitu vilevile. Kama shingo ya kizazi imebaki, saratani ya shingo inaweza bado kumpata, kwa hiyo anaendelea kupimwa. Kama ovari zimebaki, mwili unaendelea kutengeneza homoni zake. Kama zote mbili zimetolewa, hali ya kukoma hedhi inaanza palepale, hata kwa mama wa miaka 30: joto la ghafla, kukosa usingizi, mifupa kudhoofika pole pole. Hilo lina matibabu.

Wengine wanasema damu ya mwezi itajaa ndani na kupanda kichwani. Hapana. Damu hiyo inatoka kwenye utando wa ndani ya kizazi. Kizazi kikiondolewa, hakuna damu inayotengenezwa, hakuna inayobaki.

Na bwana? Sehemu ya siri ya mama inabaki. Kisha wiki 6 hivi, daktari akikubali, wanarudia maisha yao ya ndoa. Kwa wiki hizo, mama asibebe bidoni la lita 20, asitwange sombe, asisonge bukari ya watu kumi. Kazi hizo zina watu wengine nyumbani, bwana akiwemo. Homa, usaha unaonuka, damu nyingi au mguu kuvimba, arudi hospitali siku ileile.

Kwa familia zilizokimbia vita, kuna mzigo mwingine. Mama mmoja aliyefika Lubumbashi kutoka upande wa Mitwaba alipasuliwa usiku, njiani, mtoto akiwa amekufa tumboni. Hakuna aliyemweleza. Aliendelea na safari bila karatasi. Miaka miwili alingojea mimba, akinunua miti ya dawa, huku wakwe wakimwita mchawi wa watoto wake mwenyewe. Ekografi ndiyo ilimwambia ukweli. Alilia, kisha akauliza jambo moja: kwa nini walimwacha angojee?

Swali hilo ni la haki. Kila mama aliyepasuliwa ana haki ya kuambiwa, akiwa ameamka, kwa luga anayoisikia: wametoa nini, wameacha nini, kwa sababu gani. Aombe yaandikwe. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na karata ya uchaguzi na vitabu vya chanjo vya watoto, ndani ya mfuko ule ambao mtu anaukamata kwanza wakati wa kukimbia. Aliyepoteza karatasi anaweza kuomba ekografi na kupimwa na daktari wa wanawake, katika hospitali kubwa kama Jason Sendwe au Cliniques Universitaires.

Na majirani wanaweza kubadilisha usemi wao. Badala ya "hayiko tena mwanamuke", waseme lile lililotokea: mama alikuwa anakufa, na sasa anaishi.