Urojo wa Muscat

Mama mmoja wa Unguja, aliyetimiza mwaka wa 7 Muscat, alimpeleka mwanawe mkahawani kula urojo. Bajia zilikuwemo, kachori, chatini ya nazi, hata chipsi za muhogo. Lakini uchachu wa embe bichi haukuwemo. Walikamulia ndimu tu. Akaisukuma bakuli kando.

Mtoto, aliyezaliwa hukohuko, alikuwa keshamaliza. "Mama, urojo wa bibi ukoje?"

Alikosa la kujibu. Jioni alimpigia mamake simu ya video, akampa mtoto. "Kwanza embe bichi, mjukuu wangu," bibi akaanza.

Ijumaa waliupika wenyewe, mtoto akikoroga. Mzazi, ladha ya nyumbani mtoto haijui kwa kusimuliwa. Mwite jikoni.