Ruba wa Majini na Ruba wa Nyumbani

Ruba, ambaye wengine humwita mruba, ni mdudu wa madimbwini anyonyaye damu. Humwingia ng'ombe puani au kinywani anywapo maji, na mchungaji huona damu tu ikichuruzika. Mate yake huizuia damu isigande, hata akisha kubanduka, jeraha huendelea kuvuja kwa saa nyingi.

Kwa wanadamu, ruba ni yule amgandaye ndugu yake karani, asilime wala asitafute kazi, bali ahesabu siku za mshahara wa mwenziwe. Lakini hapo mdudu ameonewa kidogo. Yeye akishiba hujiachia mwenyewe, na mlo mmoja huweza kumtosha miezi kadhaa. Huyu wa nyumbani husubiri mwisho wa mwezi ujao.