Maji ya Chumvi

Alunguli ni mtaa wa Kindu ulio ng'ambo ya mto Lualaba. Stesheni ya reli iko upande wa pili, na watu wengi huvuka kwa mtumbwi. Huko Alunguli alikaa msichana mmoja wa darasa la sita, pamoja na mdogo wake na mama yao mkubwa.

Siku moja, baada ya sala ya asubuhi, mwalimu alileta darasani pakiti ya dawa wanayopewa wenye kuhara. Akasoma vilivyomo: chumvi ya chakula gramu 2,6, chumvi ya potasi gramu 1,5, chumvi ya sitrati gramu 2,9, na sukari ya glukosi gramu 13,5. Ndivyo ilivyopangwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 2002.

"Chumvi zote ni gramu ngapi?"

"Gramu 7, mwalimu."

"Na lita moja ya maji?"

"Gramu 1000."

Wengi wakagawanya 7 kwa 1000. Mwalimu akakataa. "Msigawanye kwa maji peke yake, bali kwa uzito wa vyote vilivyomo chomboni. Sukari si chumvi, lakini nayo imo." Basi 1000 na 20,5 ni 1020,5. Wakagawanya 7 kwa 1020,5, wakazidisha kwa 100, wakapata karibu 0,69 katika mia.

Alasiri msichana alirudi nyumbani. Akamkuta mdogo wake, mtoto wa miaka miwili, amelegea, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Mama mkubwa alikuwa amekwisha kumimina pakiti nzima katika chupa ya nusu lita. Hakuwa mjinga. Dawa nyingi za mizizi husifiwa kwa ukali wake, naye alitaka mtoto apone upesi.

Msichana alisita, kwa maana kumkosoa mkubwa si jambo jepesi. Akaokota kipande cha makaa, akaandika mlangoni: 500 na 20,5 ni 520,5. Akagawanya 7 kwa hiyo, akapata 1,34 katika mia.

"Mama mkubwa, unisamehe. Chumvi imezidi, karibu mara mbili."

"Wewe mtoto, utanifundisha kulea?"

"Hapana, mama. Lakini maji yenye chumvi na sukari nyingi mno huvuta maji ya mwili yaingie matumboni. Mtoto atahara zaidi na kuzidi kukauka."

Mama mkubwa alitazama mlango, kisha akamtazama mtoto. Akatwaa sufuria safi, akamimina dawa ile, akaongeza nusu lita nyingine ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Wakamnywesha kwa kijiko, polepole, wakampeleka kituo cha afya papo hapo, na njiani kijiko hakikupumzika. Mwuguzi akawaambia waendelee vivyo hivyo usiku kucha.

Kulipopambazuka mtoto alilia kwa njaa, na machozi yakamtoka.