Giga kumi za Anderlecht, mega za Kamina

Kwa euro 20 kwa mwezi, baadhi ya nyumba za Anderlecht, hapa Brussels, zinaweza kupata faiba ya gigabiti 10 kwa sekunde. Ndiyo bei ambayo Digi, kampuni ya Romania, iliingia nayo Ubelgiji Desemba 2024, pamoja na megabiti 500 kwa euro 10 na gigabiti 1 kwa euro 15. Wabelgiji waliozoea kulipa zaidi ya hapo kwa mbali walidhani kuna hila. Mimi mtoto wa Kamina, kule Kongo, hesabu yangu ilikimbilia kwingine: euro 20 zingewanunulia wadogo zangu mega ngapi, na mega hizo zingedumu hadi Alhamisi?

Kupandisha kasi huku ni shughuli ya asubuhi moja. Kama uzi wa kioo umeshafika kwenye jengo, fundi anakuja na kimashine chake, anaunganisha ncha mbili za uzi kwa kuziyeyusha, anabandika kisanduku ukutani, anakunywa kahawa yako na kwenda zake. Kama uzi upo tayari ndani ya nyumba, mara nyingi inatosha kubadilisha kisanduku.

Kinachofuata ndicho watangazaji hawakisemi. Kompyuta nyingi za nyumbani zina tundu la kebo lisilopita gigabiti 1, na waifai ikivuka kuta mbili haifiki hata hapo. Faili la gigabaiti 1 linashuka kwa sekunde 8 hivi kwenye laini ya gigabiti 1, na kwa chini ya sekunde moja kwenye ile ya gigabiti 10. Nani ana shida na hizo sekunde saba? Faida ya kweli ya faiba naiona upande wa kupakia. Laini za zamani za shaba zilipokea vizuri na kutuma kwa kinyongo. Faiba inaweza kutuma karibu sawa na inavyopokea, na kwa anayefanyia kazi nyumbani hilo lina uzito kuliko tarakimu yoyote ya kwenye bango.

Lakini nikimpigia Mama kwa video, giga zangu zote zinageuka mapambo. Uso wake unaganda, sauti inakatika, halafu mdogo wangu anaandika: "Yaya, rezo iko inasumbua." Yaya ni mimi, mkubwa wake; rezo ni mtandao. Mazungumzo yanakwenda kwa kasi ya aliye na laini dhaifu, na mwenye laini dhaifu yuko Kamina.

Kwa msomaji asiyeijua, Kamina ni mji mkuu wa mkoa wa Haut-Lomami tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, na kabla ya hapo ulikuwa, na bado uko, mji wa reli. Njia ya kutoka Lubumbashi, karibu kilomita 600, inagawanyika pale: moja inakwenda Ilebo, nyingine Kabalo hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Nje ya mji kuna kambi kubwa ya kijeshi waliyoijenga Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mji wa njia panda, basi. Ila katika familia ninazozijua pale, intaneti ni simu ya mkononi: forfe, yaani kifurushi cha mega, inanunuliwa chini ya mwavuli wa muuza initi (salio la simu), inatumika kwa kubana, na betri ikiisha simu inapelekwa kwa mwenye paneli ya sola, anayelipwa kidogo. Mwanafunzi mwenye kitabu cha kupakua anangoja usiku, watu wapungue kwenye mnara.

Tukiulizwa sababu ya tofauti hii, sisi wa ughaibuni tunajibu haraka: umaskini. Jibu hilo halinitoshi. Laini yangu ya Anderlecht ni rahisi kwa sababu silipi peke yangu. Uzi mmoja unaotoka kwenye kituo unagawanywa njiani kwa nyumba 32, wakati mwingine 64. Kila mmoja ana mkataba wake na bili yake, anajiona ana laini yake binafsi, kumbe anachangia uzi na majirani asiowasalimia kwenye lifti. Kamina, ambako tunagawana chumvi, maji na hata viti vya msiba, kila mtu ananunua mega zake peke yake, kipande kwa kipande, kwa bei ya rejareja.

Na hiyo Digi yenyewe ina historia inayostahili kusimuliwa Haut-Lomami. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wa Romania waliokuwa wakiishi kwenye magorofa ya enzi za ukomunisti walichoka kusubiri. Walitandaza kebo wenyewe, dirisha hadi dirisha, jengo hadi jengo, wakachangia laini moja na kupitisha michezo na filamu humo. Vimtandao vya mtaa vikawa vingi mno. Baadaye kampuni kubwa zikavinunua kimoja baada ya kingine, RCS & RDS ikiwemo, na RCS & RDS ndiyo Digi ya leo. Romania haikuwa tajiri wa Ulaya wakati huo, wala si sasa.

Kwetu tuna desturi ya kujenga vitu vinavyopita juu ya vichwa vya watu. Laini ya umeme ya Inga–Shaba ilianza kazi mwaka 1982, karibu kilomita 1,700 hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi, na ni umeme wa mkondo mnyoofu ambao huwezi kuudokoa njiani bila kituo kikubwa cha kuubadilisha. Vijiji vimekaa chini ya nyaya hizo gizani zaidi ya miaka arobaini. Nahofia faiba isije ikafuata mkondo huo. Kebo ya baharini ya WACS ilifunguliwa Muanda mwaka 2013, na Lubumbashi inaungana na Zambia kupitia Kasumbalesa. Ila mji hauunganishwi kwa sababu kebo inapita mkoani. Panatakiwa mahali pa kushukia, nyumba ya mitambo yenye umeme usiokatika, na mtu wa kuitoa pale hadi mitaani. Sheria ya mawasiliano ya Novemba 2020 inataja mfuko wa huduma kwa wote, uliokusudiwa kwa sehemu ambazo kampuni hazioni faida. Kamina ingekuwa mteja mzuri wa mfuko huo.

Kasi, hata hivyo, haimsaidii mtu aliyezimiwa. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Kisha mwaka 2020 ikaja RAM, tozo ya kusajili simu, dola 7 kwa simu ya kisasa, ikikatwa kwenye initi ya mwananchi hadi ilipofutwa mwaka 2022. Sijaona Ubelgiji mtu akilipia simu yake mara ya pili kwa sababu tu inashika rezo.

Sasa kuna dishi la intaneti ya setilaiti. ARPTC, mamlaka ya mawasiliano, ilipiga marufuku Starlink Machi 2024, ikaipa leseni Mei 2025. Ofa za nyumbani haziruhusiwi kuuzwa tena kwa wengine, kwa hiyo ile biashara ya kuuza vikaratasi vya waifai kwa wapita njia nimeikataa. Ninachotaka ni watu wa lupango la kwetu Kamina, yaani ua mmoja, wachangie wanachokitumia wenyewe. Dishi la kawaida linakula kati ya wati 50 na 100, na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, huwezi kuutegemea, kwa hiyo betri na paneli zinanunuliwa kabla ya dishi. Ndugu wengi wa huku wanatuma dishi kwanza, kwa kuwa dishi linapendeza kwenye picha.

Tulichobishania na mdogo wangu ni mchango. Mimi nilitaka ukusanywe kwa mwezi, kama bili yangu. Yeye akaandika: "Yaya, mu hii lupango batu ba mushahara beko babili tu. Bengine banakula ya kila siku." Tutakusanya kila jioni, na daftari litakaa kwa Mama, maana hakuna anayethubutu kumdanganya.