Nyumba iliyofungwa ni nyumba ya mchwa

Wiki hii tunawaletea habari ya njia: kutoka Sake kupanda Masisi, kisha kushuka Walikale. Hatukwenda kwa ajili ya mchwa. Tulikwenda kusalimia wenzetu wa chama. Lakini karibu kila mlango tuliobisha, mazungumzo yalirudi kwa mdudu huyo.

Ukitoka Sake, njia inapanda Mushaki. Kuna malisho ya kijani, ng'ombe mlimani, na baridi ya kukufunga kitenge mara mbili. Huku juu nyumba nyingi ni za mbao za mikaratusi au za miti na udongo. Mchwa wapo, ila baridi inawapunguza. Ukipita Masisi-centre na Nyabiondo, ukaanza kushuka Walikale, hewa inageuka: joto, unyevu, msitu. Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na sehemu kubwa ni msitu. Mti ukianguka humo, mchwa huula mpaka urudi kuwa udongo. Hiyo ndiyo kazi yao. Shida ni kwamba hawajui kutofautisha gogo la msitu na nguzo ya nyumba yako.

Si mbali na Nyabiondo tulipokewa na mama mmoja aliyerudi na jamaa yake baada ya kukimbia vita. Nyumba aliikuta imesimama, manjanja juu, mlango umefungwa. Alimshukuru Mungu. Kisha akaegemea nguzo, na kidole chake kikaingia ndani kama kwenye mkate. Nje palikuwa mbao, ndani udongo mtupu. Chini ya kitanda, sanduku lilikuwa na karatasi za kuzaliwa za watoto na karatasi ya kiwanja. Zote zimeliwa. "Wanangu," alituambia, "risasi hazikuigusa nyumba hii. Mdudu ndiye aliyeimaliza."

Tulimwuliza kwa nini zamani hawakumwona. Akajibu kwamba zamani walikuwa wanaishi humo. Moto wa jikoni ulikausha mbao, ufagio ulipita kila asubuhi, na kijia cha udongo kikionekana ukutani kilivunjwa siku ile ile. Mchwa wanapenda giza, unyevu na kimya. Nyumba iliyofungwa inawapa vyote vitatu.

Walikale, fundi mzee wa mbao alitufundisha mengine. Mti wa muvula hustahimili mchwa, lakini ni moyo wake tu, ile sehemu nyeusi ya kati. Pembeni, palipo peupe, huliwa kama mti mwingine. Nao muvula ni ghali. Asiye na uwezo atumie mawe. Tulikumbuka Goma, ambako baada ya volkano ya Januari 2002 jamaa nyingi zilijenga nyumba za mbao juu ya mawe ya lava. Mbao isiyogusa udongo huishi zaidi. Fundi akaongeza neno ambalo hatutalisahau: jiwe halimzuii mchwa kabisa, ila linamlazimisha kupita nje, mahali ambapo macho yako yatamwona.

Basi, wamama, hizi ni kazi za wiki hii:

Zunguka nyumba, angalia msingi na nguzo. Ukiona kijia cha udongo, kivunje, na urudi kukiangalia baada ya siku chache. Kikijengwa upya, bado wamo.

Gonga nguzo kwa kisu. Ikilia kama ngoma, ndani ni tupu. Ibadilishe kabla paa halijaanguka juu ya watoto.

Kuni zisiegemee ukuta. Chimba mfereji ili maji ya paa yaende mbali na nyumba.

Mvua ikinyesha, kumbikumbi hutoka, na watoto hufurahi kuwakaanga kwa chumvi. Lakini mabawa yao yakijaa ndani, chini ya ukuta, kiota huenda kiko karibu, au ndani ya nyumba yenyewe.

Wengi hupaka nguzo mafuta machafu ya gari. Ni sumu: yasikaribie kisima, chakula wala mikono ya watoto. Dawa ya shamba nayo isipulizwe chumbani mnamolala.

Na kwa sisi ambao hatujui siku ya kukimbia: karatasi za watoto na za kiwanja zisikae chini. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki, zitundike juu, na ukiondoka ziende nawe. Jirani akibaki, mwachie ufunguo. Afungue mlango, afagie, awashe moto hata mara moja kwa wiki. Mama yule wa Nyabiondo sasa anafanya hivyo kwa nyumba mbili za jirani zake ambao hawajarudi.