Kimara hadi Posta kwa Baiskeli

Pancha ya kwanza ilinikuta Manzese, hatua chache kabla ya lile daraja la waenda kwa miguu, saa moja kasorobo asubuhi. Gurudumu la nyuma lilianza kuyumba, kisha rimu ikagonga lami. Ilikuwa siku yangu ya tatu ya kwenda kazini kwa baiskeli. Nilikuwa na begi mgongoni, blauzi ya ofisini imekunjwa ndani yake, na sina pampu wala kiraka. Kazini ninatakiwa saa mbili kamili. Mpaka Posta zilibaki kama kilomita 8.

Nilikuwa nimetoka Kimara Korogwe. Kwa miaka mingi safari hiyo niliifanya nimesimama ndani ya gari, na siku za mvua ilinichukua saa moja na nusu, wakati mwingine zaidi. Baiskeli niliinunua Kariakoo, ya mtumba kutoka Japani, yenye kikapu mbele, kinga ya cheni na gia tatu. Kinga ya cheni ndiyo iliyonivutia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu navaa gauni.

Njia yenyewe ipo. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Mei 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imejengwa upya: njia za mabasi katikati, magari mengine pande zote mbili, na pembeni kabisa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Awamu hiyo ya kwanza ya mradi ina urefu wa karibu kilomita 21, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Kwa kazi hiyo Dar es Salaam ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Asubuhi yangu ya kwanza, nikiteremka kutoka Kimara kuelekea Ubungo kabla jua halijachomoza vizuri, hewa ikiwa bado ya baridi, nilijiuliza kwa nini nimekuwa nikiipita njia hii miaka yote bila kuiona.

Mtu anayeipita kila siku huona kwamba wenye baiskeli ni wengi kuliko anavyodhani aliye ndani ya basi. Kuna muuza mikate na sanduku lake la mbao kwenye keria. Kuna mnoa visu, ambaye baiskeli yake ndiyo mashine yake: akisimama, husimamisha gurudumu la nyuma, hukanyaga, na jiwe la kunolea huzunguka mbele ya usukani. Kuna vijana wa ujenzi wenye Phoenix za Kichina, sururu zimefungwa kwa mpira ubavuni. Watu hawa wanajua barabara vizuri kuliko yeyote. Ni mmoja wao, muuza mikate, aliyenionyesha fundi siku ile ya Manzese. "Dada, usiisukume hivyo, utaua rimu. Inyanyue nyuma, vuka, chini ya mwarobaini yupo mzee."

Mzee alipindua baiskeli, akaling'oa tairi kwa vyuma viwili bapa, akatoa tyubu, akaijaza upepo na kuizungusha ndani ya karai la maji mpaka mapovu yakatokea. Akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akangoja. Nilitaka abandike haraka. Hakubandika. Solusheni ikiwa mbichi kiraka hakishiki, aliniambia, ingoje mpaka ukigusa haivuti kidole. Nilifika kazini saa mbili na nusu.

Siku mbili baadaye, pancha tena, gurudumu lilelile. Jumatatu iliyofuata, Magomeni, tena lilelile. Jioni hiyo nilikuwa tayari kuiuza.

Nilirudi kwa mzee nikiwa nimekasirika, nikidhani viraka vyake ni vibovu. Hakubisha. Aliniuliza swali moja: "Binti, tundu la leo na la juzi, yako mahali pamoja?" Sikujua. Akatoa tyubu, akailaza juu ya tairi, valvu ikitazamana na alama aliyoichora kwa chaki, na matundu yote matatu yakaangukia karibu eneo moja. Kisha akapitisha ncha za vidole ndani ya tairi, polepole, akasimama, akaniambia niweke kidole changu pale. Kilikuwa kipande cha waya chembamba kama unywele mnene, kifupi kuliko ukucha. Ukiangalia kwa macho huoni kitu. Baiskeli ikipata uzito wa mtu, tairi linalala, waya unachungulia ndani, unachoma.

Ni waya wa tairi la gari. Matairi mengi ya magari yana mikanda ya nyuzi za chuma chini ya mpira, na tairi likichakaa au likipasuka, nyuzi hizo hukatika na kubaki barabarani. Magari yanayopita huzifagia pembeni, na pembeni ndipo baiskeli ilipo. Aliung'oa kwa koleo. Akanionyesha pia namba zilizochorwa ubavuni mwa tairi, kiwango cha upepo linachotaka, na kuniambia kwamba muda wote nilikuwa naendesha likiwa na kama nusu yake. Tairi laini hugusa lami kwa eneo kubwa, huokota kila kitu, na kwenye shimo rimu huibana tyubu na kuichana. Nauza muda wangu kwa mahesabu, mimi ni mhasibu, lakini hesabu ile ndogo ya upepo sikuwahi kuambiwa na mtu.

Goti nalo lilikuwa na habari yake. Wiki ya pili lilianza kuuma kwa mbele, hasa jioni, kwa sababu mteremko wa asubuhi ndio mlima wa kurudi: kutoka Ubungo hadi Kimara unapanda, ukipumzika kidogo, unapanda tena. Kiti changu kilikuwa chini mno, nilikishusha ili miguu yote iguse chini nikisimama. Mzee alinikalisha, akaniambia niweke kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu ulipaswa kunyooka. Ulikuwa umekunjika kama wa mtu aliyekaa kwenye kigoda. Alikipandisha kiti vidole vinne, na baada ya siku chache maumivu yakaisha.

Kazini mambo yalikuwa madogo lakini yalichosha. Mlinzi alikuwa na maegesho ya magari na ya pikipiki, baiskeli haikuwa na jina kwenye orodha yake, tukaelewana iwe nyuma ya jenereta. Jasho la Dar es Salaam halina dawa: nafika mapema, nakaa robo saa bila kubadilisha nguo, kwa sababu ukivaa kavu mwili ukiwa bado unachemka unailoweka mara moja. Ndipo nanawa na kuvaa. Nguo za wiki nazipeleka Jumatatu, zimekunjwa kwenye droo.

Lisilopata ufumbuzi ni njia yenyewe. Kuna mahali meza za biashara zimeishika yote, mahali pikipiki zimeegeshwa zikisubiri abiria, mahali vigae vimeng'oka na mfereji umebaki wazi. Hapo mwenye baiskeli anaingia barabarani kati ya magari, na hakuna anayemtarajia. Sioni haki kumlaumu mama anayeuza vitumbua pale penye watu, wala kijana wa bodaboda. Hata jina la bodaboda limetoka kwenye baiskeli, zile zilizokuwa zikivusha watu kati ya Kenya na Uganda kule Busia kabla pikipiki hazijachukua kazi. Lakini njia iliyojengwa kwa ajili ya baiskeli inahitaji kulindwa na kufagiwa, na wanaoumia isipolindwa ni wale wa mikate na sururu.

Kisha masika ikaingia. Asubuhi moja ya Aprili nilifika Magomeni Mapipa nikakuta umati umesimama. Jangwani imejaa. Mto Msimbazi ulikuwa umepanda juu ya barabara, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na vijana wakivusha watu kwa mikokoteni na migongoni. Wakazi wa bonde la Msimbazi wanayajua mafuriko vizuri. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu wengi, familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Kijana mmoja alinipigia kelele, "Pita tu dada, yanafika magotini!" Nilitazama maji yanavyokimbia. Chini yake kuna mitaro, na mitaro huioni. Niligeuza.

Nilishika Barabara ya Kawawa kuelekea Kinondoni, mvua ikinipiga usoni, nikakata hadi Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na kwenye daraja la Selander nikasimama. Hapo ndipo Msimbazi unapoingia baharini. Maji yale niliyoyakimbia Jangwani yalikuwa yanapita chini yangu, yamebeba chupa, matawi na godoro moja zima, yakichora mstari wa udongo ndani ya bahari. Nilifika ofisini saa tatu, nimelowa mpaka mifupani. Wenzangu wawili wanaokaa Kimara, waliopanda gari, walifika saa tano.

Mvua ile iliacha mchanga ndani ya cheni. Niliiosha kwa mafuta ya taa na mswaki, nikaikausha, nikaipaka oili, lakini mwezi uliofuata ikaanza kuruka kila ninapokanyaga kwa nguvu kwenye mlima wa pale Kibo, nikitoka Ubungo. Mzee aliipima kwa kuivuta mbele ya jino la gia: ikaachana kabisa na chuma. Imerefuka, akasema, na ukiiacha itakula na gia. Nimepata nyingine Kariakoo. Jumamosi ataifunga, na mimi ndiye nitakayeshika koleo.